Mwenyeji wa Jumatatu

Tulimwita Mwenyeji. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alipiga marufuku majina, na katika mengi niliyomkosea, angalau hili nimtunzie. Alikuwa mama mpika pombe pale Tunduma mpakani, mitaa ya nyuma, upande inakopita reli. Juma zima alitulewesha. Jumatatu alasiri alitukusanya kwenye mabenchi yale yale tuliyolewea, akatufundisha kuacha.

Ukimsimulia mtu wa leo habari hiyo anacheka, au anauliza huo ulikuwa unafiki wa namna gani. Mimi sicheki. Nipo hai, mke wangu yuko jikoni ninapoandika haya, mikono yangu inashika sindano bila kutetemeka, na sehemu kubwa ya hayo ni kazi ya mama yule. Ndiyo maana kila nikimkumbuka moyo unanisuta.

Alikozaliwa sikujui, wala ukoo wake. Kiswahili chake kilivutwa na Kinamwanga, basi nikajua ni wa hapa hapa. Mumewe alishafariki kabla sijamfahamu, na nyumbani aliishi na binti wa marehemu dada yake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyonyooka kwa kubeba maji. Alitafuna tangawizi mbichi mchana kutwa, na alikuwa na tabia ya kufagia huku anakusikiliza. Ukisema kweli, ufagio ulikwenda taratibu. Ukianza uongo, ufagio uliongeza kasi, vumbi likakupanda magotini, mpaka ukajirekebisha mwenyewe.

Maneno yake hayakuwa mengi, na mengi kati ya hayo yalikuwa makali. Mtu akilalamika kwamba pombe imempotezea kazi, alimjibu, "Pombe haina miguu, mwanangu. Wewe ndiye uliyeifuata." Akimwona mtu anajigamba kwamba ameacha, alisema, "Ngoja tusubiri mavuno." Kwa sisi watu wa Mbozi hilo lilikuwa onyo la kweli, maana wakati wa mavuno ya ulezi na mauzo ya kahawa hata mawe hunywa. Na kila Jumatatu, kabla hatujaanza, alituambia ule usemi wa wazee kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Tuliitikia kama watoto wa shule.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilikuwa na meza yangu barazani, karibu na soko, na kazi yangu kubwa ilikuwa sare za shule. Miaka hiyo mji ulikuwa unakua ukionekana kwa macho. Malori yalipanga foleni mpaka usione mwisho, kila mwenye chumba alikifanya duka, na kila kona mtu aliuza kitu kilichovushwa kutoka ng'ambo. Pombe nayo ilikuja ya kila aina. Asubuhi nilihitaji kidogo ili mkono utulie, mchana nilihitaji kidogo zaidi, jioni sikumbuki. Sare zangu zilipinda. Nilikuwa nikiwaona watoto wakipita barabarani na mishono yangu iliyokwenda upogo, mfuko mmoja juu na mwingine chini, na aibu ilinishika, nikaenda kuitoa aibu kwa kunywa.

Mke wangu, Mama Neema, alivumilia mpaka akachoka. Akawachukua watoto akarudi kwao Igamba, kwenye kahawa za baba yake. Niliwafuata nikiwa nimeshapata kidogo cha kunipa ujasiri. Baba mkwe alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipa kiti, akaagiza chai, kikombe kikajazwa mpaka ukingoni. Nikakishika, chai ikamwagika kwenye sahani, kisha kwenye suruali. Wote walikuwa wanatazama, hata Neema.

"Mke wako hajaachika," mzee aliniambia kwa upole. "Watoto ni wako. Siku utakayokuja hapa ukanywa chai hii bila kuimwaga, utaondoka nao. Sina sharti lingine."

Nilirudi Tunduma nikiwa nimejua ninachotafuta, ila sikujua pa kukitafuta. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba Mbeya mjini kuna watu walioacha pombe wanaokutana na kusaidiana. Nikapanda basi. Nilipofika stendi woga ukanishika: nitaingiaje mbele ya watu wasionijua nikajiita mlevi? Nikasema nipate moja ya kunitoa woga. Nilirudi Tunduma kesho yake bila hata kuuona mlango wa watu hao.

Kisha dereva mmoja wa lori akaniambia wapo ng'ambo, Nakonde upande wa Zambia, wanakutana kwenye ukumbi karibu na soko. Nikavuka. Nikapita baa zote za njiani nikiwa nimeinamisha kichwa, nikajipongeza, nikaingia ukumbini, nikakaa nyuma. Watu walizungumza Kibemba na Kiingereza, wakanyoosha mikono, wakapiga makofi. Mimi nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema kwa Kiswahili, "Mimi ni fundi cherehani, na nimeshindwa." Wakashangilia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kile kilikuwa kikao cha harusi, nami nimepewa kazi ya kushona magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi. Nilirudi na vitambaa vya rangi ya zambarau na kiu ile ile.

Huko kote nilitafuta, na mtu mwenyewe alikuwa ndiye anayeniuzia.

Alikuja kwenye meza yangu siku moja na kanga iliyochanika pindo. Nikaanza kutunga uzi. Nikalamba uzi, nikalenga tundu, nikakosa. Nikalenga tena. Alitafuna tangawizi yake akingoja. Nilipokosa mara nyingine alininyang'anya sindano, akatunga mwenyewe, akanirudishia.

"Cherehani," aliniita, "Jumatatu njoo kwangu alasiri."

"Mama, Jumatatu si hupiki?"

"Ndiyo maana nakwambia uje."

Nilidhani amepata pombe ya magendo anayouza kwa siri. Nilikwenda mbio.

Nilikuta wanaume na wanawake kama kumi hivi wamekaa duara, katikati kuna chungu, na kila mmoja ana mrija mdomoni. Nikajua nimefika. Kimpumu hunywewa hivyo: pombe ya ulezi inakuwa chunguni, maji ya moto yanamiminwa juu yake, watu wanazunguka na kila mtu anavuta kwa mrija wake. Nikapewa mrija, nikavuta kwa pupa, nikakuta utamu mtupu. Ilikuwa togwa. Uji wa kimea cha ulezi usiochacha, ule tunaowapa watoto.

"Kunywa," Mwenyeji aliniambia. "Hiyo haikuwahi kumfukuza mke wa mtu."

Asili ya jambo lile ilikuwa dereva mmoja wa Zambia. Alizoea kulaza lori karibu na kilabu, akaja kukaa na watu, akaagiza soda. Mwenyeji akamuuliza kama ni mgonjwa. Dereva akamjibu, akimwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, mimi ni mgonjwa kweli," akamweleza kwamba kwao kuna watu wanaokutana, kila mmoja anasema ukweli wake, hakuna anayemhukumu mwenzake, na majina hayatangazwi. Mwenyeji aliyachukua hayo akayapika upya kwa kipimo chake. Lile la majina kwa mfano alilikaza kupita kiasi. Kwake haikutosha kutotangaza majina nje, ilibidi hata ndani tusiyatamke, nasi sote tulikuwa majirani tunaojuana mpaka wajomba. Kwa hiyo mimi nikawa Cherehani, mwenzangu aliyetengeneza baiskeli chini ya nguzo ya umeme akawa Baiskeli, kulikuwa na Kwaya, na Mizigo, na mama mmoja aliyeitwa Nyanya kwa kuwa aliuza nyanya. Ukikutana na Mwenyeji sokoni siku nyingine ukamwamkia, "Shikamoo mama, ya Jumatatu?" aliitikia marahaba huku anatazama pembeni kama mtu asiyekujua.

Lile la chungu nalo lilikuwa lake. Alijaribu mwanzo kutuketisha mikono mitupu, akaona watu wanakodolea macho sakafu. Sisi tulizoea kuzungumza mambo mazito tukiwa na mrija mkononi: kupatana, kuposa, kugawana mashamba, yote hufanyika penye chungu. Bila chungu ulimi haufunguki. Basi akatafuta chungu kipya ambacho hakijawahi kuingia pombe, akakiita cha Jumatatu, asikiguse kwa kazi nyingine. Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye zamu anatoa mrija wake na kusema, wengine wanaendelea kuvuta. Tukagundua faida yake mapema. Mtu mwenye mrija mdomoni hawezi kumkatiza mwenzake wala kumshauri.

Na kabla ya yote alivuta yeye. Kwa desturi ya huku mwenye chungu ndiye anayetangulia, wageni waone kwamba hakuna sumu. Alivuta, akameza, akatamka, "Tamu," ndipo tukaanza.

Mchungaji mmoja alisikia habari zetu akaja kumwonya. Akamwambia huwezi kutumikia mabwana wawili. Mwenyeji hakuacha kufagia. "Mchungaji," alimjibu, "wewe unazika na kufungisha ndoa kwa koti hilo hilo. Mbona sisi hatukuulizi?" Mchungaji akacheka bila kupenda, akakaa kidogo, akaonja togwa, akaaga. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa, na sisi ambao tulipaswa kulirudia hatukulirudia. Tulimhitaji vile alivyo.

Mimi mwenyewe nilimjaribu. Nilimuuliza, nikija Jumanne kununua, utaniuzia?

"Nitakuuzia. Mimi si polisi."

Jumanne hiyo hiyo nikaenda. Akanimiminia, akaniwekea, kisha akavuta kigoda akakaa mbele yangu akaniangalia. Kilabu kizima kilikuwa na wateja wanamwita, yeye alikaa pale ananitazama mdomo. Nilimeza funda moja likanipalia. Niliacha chombo kimejaa nikatoka, na kwa mara ya kwanza tangu Mama Neema aondoke, nilifika nyumbani nikiwa nakumbuka njia niliyopita.

Hakuwa mpole, msije mkadhani. Baiskeli aliposema siku moja kwamba mkewe ndiye aliyemsukuma kwenye ulevi kwa maneno, Mwenyeji alimgonga bega kwa upawa. "Sema lako. La mkeo atakuja kulisema mwenyewe." Baiskeli alikuwa kijana mcheshi, mwenye meno yaliyoachana, mdogo kuliko sote pale. Alisugua bega akasema, "Basi mama, langu ni kwamba naogopa nyumba ikiwa kimya." Tukavuta mirija yetu tukiwa tumeinama, maana kila mmoja alilijua hilo. Tangu hapo nikampenda kama mdogo wangu. Tulikuwa tunasindikizana kila jioni, anafunga kazi yake, nafunga yangu, tunapita njia ndefu isiyo na vilabu.

Kitu kimoja Mwenyeji hakukifanya kamwe. Duara likizunguka likamfikia yeye, alisimama kwenda kuchukua maji ya moto. "Mwenyeji hana zamu," alisema, akaongeza maji, zamu ikahamia kwa anayefuata. Tuliona ni heshima ya mtu anayehudumia wageni. Wengine walisifu kabisa: tazama mama asiyejitanguliza. Nami nilisifu.

Mikono yangu ilitulia polepole. Kwanza sindano, halafu mkasi, halafu kikombe cha maji nilichokijaza makusudi nyumbani nikitembea nacho kutoka mlangoni mpaka dirishani. Mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza na mvua haijaja, nilituma salamu Igamba kwamba juma hilo nitakuja. Baba mkwe akajibu chai ipo. Niliwaeleza wenzangu wa Jumatatu, wakapiga makofi, Baiskeli akaniomba nikirudi nao niwaalike.

Kabla ya Jumatatu iliyofuata mambo mawili yalitokea, yote madogo. Chungu cha Jumatatu kilipata ufa. Na jirani alifiwa, mazishi yakawa Jumapili, na Mwenyeji alitakiwa kupika msibani. Kwa hiyo alitengeneza togwa yetu mapema, tangu Jumamosi, na kwa kuwa hakuwa na chombo kingine aliiweka kwenye chungu kimojawapo cha pombe, baada ya kukisugua vizuri kwa mchanga na maji ya moto. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba chungu cha pombe hakisuguliki. Chachu huingia kwenye udongo wake ikakaa humo. Hata bibi mzee asiyeona atakwambia usiweke uji wa mtoto humo. Yeye mpishi wa miaka yote alijua kuliko sisi sote, na aliuweka, na joto lile likafanya kazi yake siku mbili.

Tukakaa. Akamimina maji ya moto, povu likapanda. Akavuta wa kwanza kama kawaida, akameza.

"Tamu," akasema.

Tukavuta. Ulimi wangu ulijua papo hapo, kabla hata sijameza. Nilitupa jicho pembeni nikamwona Kwaya amefumba macho. Nyanya alikuwa anatazama mrija wake. Nadhani sote tulikuwa tunasubiri mtu mmoja aseme, na kwa kuwa mwenye chungu amesema tamu, nani atamwaibisha nyumbani kwake? Hicho ndicho kisingizio. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kusema. Tulivuta. Mizigo akaeleza habari zake na hakuna aliyemsikia, kwa jinsi tulivyokuwa tunavuta. Maji ya pili yakamiminwa. Mtu akacheka pasipo na cha kuchekesha, Kwaya akaanza kuimba, na Baiskeli, aliyekaa kulia kwangu, bega lake linagusa langu, akanigeukia na macho yanayong'aa akasema, "Kaka, leo nyumba haina kimya."

Mwenyeji alikuwa mlangoni na birika. Alimsikia. Aliganda, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaja akakipiga chungu teke, chungu cha watu, kitu ambacho sijawahi kuona mtu akifanya. Kikavunjika, pombe ikatiririka mpaka miguuni mwetu. "Tokeni," alisema. "Tokeni, tokeni."

Mimi na Baiskeli tulitoka pamoja. Penye njia panda nilishika njia ndefu kama siku zote. Yeye alisema anapita hapo karibu mara moja, atanifuata. Nilijua anakokwenda. Mimi mwenyewe mate yalikuwa yananijaa mdomoni, na niliogopa kwamba nikimfuata kumrudisha, hatutarudi wote wawili. Nikaenda nyumbani nikafunga mlango kwa komeo na kukaa kitandani nimeshika magoti. Sijui hadi leo kama ule ulikuwa uzima au woga.

Igamba sikwenda juma lile. Nilikwenda baada ya mvua kwisha, nikanywa chai ya baba mkwe mpaka tone la mwisho, Neema akanishika mkono, tukarudi wote. Baiskeli hakuja kula nasi. Alikuwa ameuza vifaa vyake akaenda Galula na watu wa machimbo madogo ya dhahabu, na huko viroba vya pombe kali vilikuwa vingi kuliko maji. Dereva wa bodaboda aliyetoka huko ndiye aliyeleta habari za msiba wake, wakati alishazikwa. Nilikuwa nashona sare. Nilimaliza ule mshono, ukatoka umenyooka, na nikajichukia kwa jinsi ulivyonyooka.

Jumatatu ziliendelea, kwa chai kwenye vikombe, lakini duara lilikuwa dogo na maneno yalikauka. Mwenyeji hakuitaja siku ile, nasi hatukuitaja. Kila mmoja alikuwa na swali moja kwake, na nililiona kwenye macho ya wenzangu: mpishi wa miaka yote amevuta wa kwanza akasema tamu. Je, alijua? Wengine waliamua alijua, kwamba biashara ilikuwa imepungua kwa sababu yetu akataka kuturudisha. Walisema hivyo nyuma ya mgongo wake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nasikiliza, na sikuwabishia. Baadaye mimi na mke wangu tulihamia Nanyala, nikapata chumba cha kushonea kando ya barabara kuu. Nilijiambia ni mbali. Si mbali. Magari yanapita kila wakati.

Niliporudi kumwona ilikuwa imepita miaka mingi, Neema ameshaolewa. Nilikuwa nimekwenda Tunduma kununua vitambaa, na pale dukani nikakutana na yule binti wa dada yake, sasa mwanamke mzima. Alinitambua. Akasema mama hajiwezi sana siku hizi, pombe alishaacha kupika muda, njoo umsalimie. Nilitazama saa. Gari langu lilikuwa linajaza abiria. Nilikwenda, lakini kusema kweli nilikwenda kwa sababu niliona aibu kukataa mbele ya binti.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Shingo ilikuwa bado imenyooka. Aliniangalia kwa muda.

"Cherehani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mikono?"

Nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza, akairudisha magotini kwangu kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Binti akatuletea chai, akaenda ndani.

"Baiskeli alikufa," akasema.

"Nilisikia, mama."

"Mlisema nilijua."

Nilianza kukana. Akaupiga ungo kofi, maharage yakaruka. "Usinidanganye, nimechoka kufagia. Mlisema. Na mimi nikawaacha mseme, kwa sababu lile mlilosema lilikuwa afadhali kuliko la kweli."

Nikaweka kikombe chini.

"Sikujua," akasema. "Mimi! Nilivuta nikasikia utamu tu. Unajua mpishi wa pombe anaamka saa ngapi? Anaamka anaonja. Hii imeiva, anaonja. Hii bado, anaonja. Jumapili nimetoka msibani nimekunywa, Jumatatu nimeamka nimekunywa. Ulimi ulikuwa umekufa zamani, mwanangu. Mngenipa maji ya betri ningesema tamu."

"Jumatatu ile?"

"Jumatatu zote."

Aliokota maharage yaliyoanguka, moja moja, akiyapuliza vumbi. Mimi nilikuwa najaribu kumkumbuka hata siku moja aliyokuja karibu yangu bila harufu ya pombe. Sikuipata. Tuliidhani ni harufu ya nyumba. Ilikuwa nyumba ya pombe, ingenuka nini kingine? Watu kama kumi waliojua ulevi kuliko wanavyojua majina ya watoto wao, tulikaa mbele ya mlevi mwenzetu miaka na miaka, akatushika mikono, akatutungia sindano, na hakuna hata mmoja aliyemtambua, kwa sababu hatukuwa tunamtazama. Tulikuwa tunajitazama wenyewe kwake.

"Mama, halikuwa kosa lako," nikasema. Lilinitoka tu, kama pole za msibani.

"Acha." Sauti yake ilikuwa ile ile ya zamani. "Nyie mlikuja kwangu mkasema mambo ya kutisha. Niliwahi kumwambia mtu si kosa lake?"

"Hapana."

"Basi na mimi usiniibie langu."

Huko barabarani gari la Nanyala lilikuwa linapiga honi, konda anaita wa mwisho wa mwisho. Aliinua kichwa akasikiliza. "Nenda," akasema, "litakuacha."

"Bado unakunywa, mama?"

Ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza juu yake mwenyewe. Alitazama mlango alikoingia binti, kisha akanitazama mimi, na nikaona mdomo wake unatetemeka jinsi ulivyokuwa unatetemeka wangu nilipokaa kwenye benchi lake.

"Ananinyima," akanong'ona. "Naomba kwa majirani. Leo asubuhi nimepata."

Gari likaondoka. Nililisikia likibadilisha gia kupanda mlima na nikabaki nimekaa, chai inapoa. Alikuwa anangoja niseme jambo. Nami nilitafuta kichwani, nikapekua kila nilichosikia kwenye duara lile, na yote yalikuwa maneno yake.